Nani Ataosha Chujio?

Kibaha ni mji uliolelewa na zawadi. Mwaka 1963, kilomita kama 40 kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, nchi tano za Nordiki, yaani Denmaki, Ufini, Norwei, Uswidi na Aislandi, zilianzisha hapa kituo kikubwa chenye shule, mafunzo ya wakulima na huduma za afya. Shabaha yake ilikuwa wale maadui watatu waliotangazwa baada ya uhuru: ujinga, umaskini na maradhi. Mwaka 1970 kituo kikakabidhiwa kwa Serikali na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Hospitali ya Tumbi, ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani, na ambayo kila dereva wa basi la mikoani anaijua kwa sababu majeruhi wa barabara ya Morogoro hukimbizwa pale, ilikulia humo humo.

Kwa hiyo mtu wa Sofu kama mimi sina ubavu wa kubeza misaada. Nawajua watu waliosoma kwa zawadi ile, na wengine waliozaliwa ndani ya kuta zake. Ndiyo maana swali ninalotaka kuliuliza linanikera mwenyewe kabla halijamkera msomaji: je, kuna zawadi ambayo ni wajibu kuikataa, hata kama anayeitoa ana moyo safi na anayeihitaji yuko mlangoni anasubiri?

Tuseme wewe ni mjumbe wa kamati ya usimamizi ya kituo cha afya. Si cheo cha ajabu. Vituo vya Serikali vina kamati hizo, na ndani yake wananchi wa kawaida huketi pamoja na mganga mfawidhi. Kuna barua mezani. Marafiki wa ng'ambo wana mashine ya eksirei iliyotumika hospitalini kwao kwa miaka kadhaa. Wamenunua mpya, hii wanaitoa bure. Nyinyi mgharamie kuitoa bandarini na kuisafirisha. Picha imeambatishwa: mashine nyeupe, inang'aa. Mwenyekiti anauliza kama tunapokea, na mikono yote inanyooka. Ukiuliza nani ataitengeneza siku ikizima, utajibiwa kwa upole: ndugu mjumbe, tupokee kwanza, hayo mengine tutayaona huko mbele ya safari.

Huko mbele ya safari panajulikana. Mwaka 2011 watafiti wawili, Perry na Malkin, walichapisha hesabu ya vifaa tiba 112,040 vilivyoorodheshwa katika hospitali za nchi 16 zenye uwezo mdogo. Asilimia 38.3 havikuwa vikifanya kazi, yaani karibu vinne katika kila kumi. Asiyeamini takwimu za vitabuni aombe kuonyeshwa stoo ya nyuma ya hospitali. Mimi niliwahi kuonyeshwa moja, na sitaitaja kwa sababu ingeweza kuwa nyingine yoyote. Kulikuwa na kitanda cha umeme kilichokatwa plagi, mashine ya kufyonza makohozi isiyo na mpira wake, na kile kisanduku cha kutunzia joto watoto njiti, ndani yake yamepangwa mafaili ya zamani. Stika za wafadhili zilikuwa bado zinasomeka chini ya vumbi.

Mashine hizi hazifi kwa uchawi. Nyingine ilitengenezwa kwa umeme wa volti 120 wa Marekani, ikachomekwa kwenye volti 230 zetu, ikatoa moshi siku ya kwanza. Nyingine ilipona hapo, ikauawa na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kununua stebilaiza. Kuna inayotumia vitendanishi vya kampuni moja tu, ambayo haina wakala hapa. Kuna ambayo vipuri vyake viliacha kutengenezwa kabla haijapandishwa melini. Na joto la Pwani lenye unyevu lina tabia zake. Mbunifu aliyekaa kwenye ofisi ya baridi hakulifikiria.

Shirika la Afya Duniani limekuwa na miongozo ya misaada ya vifaa tiba tangu mwaka 2000, na mwaka 2011 lilitoa maelekezo mengine yanayohusu namna ya kuomba na kutoa. Kanuni moja ni nyepesi kiasi cha kuaibisha: kisichofaa kwa mgonjwa wa nchi ya mtoaji kisihesabiwe kuwa kinamfaa mgonjwa wa nchi ya mpokeaji. Lakini miongozo haina polisi, na anayekuja na mashine huja akitabasamu.

Hapa nataka kumwita mwanafalsafa, kwa sababu hoja yake ndiyo iliyo nyuma ya tabasamu hilo, hata kwa watu wasiowahi kumsoma. Mwaka 1972 Peter Singer aliandika insha ambayo wanafunzi wa falsafa bado wanabishana nayo. Unapita kando ya dimbwi, unaona mtoto anazama. Ukiingia utachafua nguo zako. Utaingia? Bila shaka utaingia. Basi, anasema Singer, umbali haupunguzi wajibu huo: mtoto wa nchi ya mbali anayekufa kwa kukosa kitu ambacho wewe unaweza kukitoa bila kujiumiza sana, naye anakudai. Ni hoja yenye nguvu, na wapo waliobadilisha maisha yao kwa ajili yake. Lakini tazama inavyoishia. Mtoto anatolewa majini, anakohoa, anapumua, mwokoaji anakwenda nyumbani kubadili suruali. Hadithi imekwisha.

Sasa ondoa dimbwi, weka wodi ya watoto usiku, na mtoto mwenye nimonia. Pembeni ya kitanda kuna mashine ya kuzalisha oksijeni, kisanduku chenye magurudumu kinachofika magotini. Kazi yake ni nzuri sana. Huvuta hewa ya chumbani, huisukuma kwenye chembechembe za madini yaitwayo zeolaiti ambazo hunasa nitrojeni, na kinachomfikia mtoto ni oksijeni ya zaidi ya asilimia 80, wakati hewa tunayovuta wewe na mimi ina kama asilimia 21 tu. Hakuna mtungi wa kusubiri kutoka mjini. Lakini mgongoni mwa kisanduku kuna sponji, chujio la vumbi. Linatakiwa kutolewa, kuoshwa kwa maji na sabuni, kukaushwa na kurudishwa, kwa kawaida kila wiki, na mapema zaidi chumba kikiwa na vumbi. Lisipooshwa, mashine hupumua kwa shida kama mgonjwa wake. Kompresa huchemka, na mashine iliyozidiwa na joto, vumbi na unyevu hupoteza nguvu ya kunasa nitrojeni. Oksijeni hushuka. Na mashine huendelea kunguruma. Ukiingia wodini utaisikia, utaona mpira umefika puani kwa mtoto, utadhani anasaidiwa.

Mtoto wa Singer aliokolewa mara moja. Huyu wa wodini anashikiliwa kichwa juu ya maji saa baada ya saa, na mkono unaomshikilia ni wa mtu aliyeosha sponji Jumatatu. Nadhani hapo ndipo maadili ya msaada tuliyoyazoea yanapopungukiwa. Yanajua kumsifu anayeingia majini. Hayana maneno kwa ajili ya anayekaa humo. Aliyenunua mashine jina lake limebandikwa ubavuni. Anayeosha chujio huenda hata haijaandikwa popote kwamba hiyo ni kazi yake, ni muuguzi tu ambaye siku moja alionyeshwa na akaona aibu kuacha.

Mwaka 1990 Berenice Fisher na Joan Tronto walipendekeza maana ya uangalizi iliyokusanya pamoja yote tunayoyafanya ili dunia yetu iendelee kukalika, na ndani yake wakaingiza kutunza na kukarabati. Napenda kwamba hawakuutenga ukarabati na kuupeleka kwa mafundi. Kwao anayemlisha mtoto na anayefunga parafujo ya kitanda cha mtoto wanafanya kazi ya ukoo mmoja. Sisi nasi tuna methali ya ufa na ukuta, tumeiandikia insha tangu darasa la tano, na sidhani kama kuna methali inayojulikana zaidi na kutengewa fedha kidogo zaidi.

Kuna siku moja ambapo nchi nzima ilizungumza kuhusu mashine zilizokufa. Tarehe 9 Novemba 2015, siku nne baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli aliingia Hospitali ya Taifa Muhimbili bila taarifa. Alikuta wagonjwa wamelala chini, na mashine za MRI na CT-Scan hazifanyi kazi. Kaimu mkurugenzi akaondolewa, bodi ikavunjwa, Hazina ikatoa shilingi bilioni 3 kwa ajili ya matengenezo. Mitaani tulishangilia. Ninaielewa shangwe ile, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na ndugu aliyewahi kuambiwa arudi wiki ijayo, mashine ni mbovu, au aende hospitali binafsi akiwa na laki kadhaa mkononi.

Lakini fedha zilizopatikana upesi namna ile zilikuwepo mahali fulani wiki iliyotangulia. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuzitoa bila mtu mkubwa kukasirika, na hasira ya Rais ni kipuri ambacho huwezi kukiagiza kila mwezi. Jambo la pili linahusu lawama. Mkuu wa hospitali lazima ajibu, hilo sibishi. Ila mashine ya namna ile huuawa na mikono mingi, na kila mkono una udhuru wake: aliyeinunua bila kufikiria miaka kumi ya matengenezo, aliyepunguza kasma ya matengenezo kwa sababu dawa zilikuwa muhimu zaidi, na huenda zilikuwa, aliyeripoti hitilafu kwa mdomo bila kuandika, aliyepokea ripoti na kuiweka chini ya nyingine. Ukimtafuta muuaji mmoja utampata, kwa sababu yupo aliyekuwa zamu. Tumezoea kuuliza nani ameharibu. Nani alikuwa na kazi ya kutunza, na alipewa nini cha kutunzia? Swali hilo halimfukuzishi mtu kazi siku hiyo hiyo, kwa hiyo halina mvuto.

Mtu aliyenifundisha kuliuliza ni jirani, fundi wa vifaa tiba. Watu hawajui hata kwamba fani hiyo ipo, ingawa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo cha Ufundi Arusha wamekuwa wakiifundisha. Ukimwambia mtu kuwa hospitali ina fundi, atadhani ni wa mabomba. Jirani huyu anafanya kazi mkoa mwingine, na akirudi likizo hukaa nje jioni na wenzake wakipiga soga. Siku hiyo nilimuuliza kuhusu kazi.

"Dada, nikupe kisa," alisema. "Mashine nimeifungua, tatizo nimeliona, kapasita. Kariakoo ni shilingi elfu mbili. Nimebadilisha. Mashine inawaka vizuri kabisa, halafu inaniomba neno la siri. Neno la siri analo mtu wa kampuni, na mtu wa kampuni yuko Nairobi."

"Sasa ukafanyaje?"

"Tukaandika barua." Alicheka. "Mgonjwa naye tukamwandikia barua ya rufaa."

Nilitaka kujua kama jambo hilo ni la kwao tu. Si la kwao tu. Machi 2020, UVIKO-19 ilipozifikia hospitali za Marekani, mafundi wa huko walilalamika hadharani kwamba watengenezaji wa mashine za kupumulia wanawanyima miongozo ya matengenezo na funguo za programu. Ikajulikana pia kwamba moja ya sehemu walizozitegemea siku zote kupata miongozo hiyo ni tovuti iitwayo Frank's Hospital Workshop, na makazi ya tovuti hiyo ni Tanzania. Fundi wa hospitali tajiri ya Marekani, akikwama, alikuwa akibisha hodi huku kwetu. Mei mwaka huo kampuni ya iFixit, kwa msaada wa wakutubi waliojitolea, ikafungua hazina kubwa ya miongozo ya namna hiyo kwa kila mtu.

Je, huo ni wizi? Watengenezaji wana hoja mbili. Ya kwanza, mwongozo ni mali yao. Ya pili ina uzito zaidi: mashine ya kupumulia iliyofunguliwa na mtu asiyejua inaweza kuua, na jina litakaloandikwa gazetini ni la kampuni. Siidharau hoja hiyo. Lakini inachukulia kwamba mgonjwa anachaguliwa kati ya fundi wa kiwandani na fundi wa mtaani. Kwa jirani yangu uchaguzi ulikuwa kati ya yeye na hakuna mtu. Anayeficha maarifa kwa jina la usalama, mahali ambapo yeye mwenyewe hafiki, sijui usalama anaoulinda ni wa nani.

Na kuna swali la zamani zaidi hapo: kumiliki ni nini? Jembe ni langu kwa sababu mpini ukivunjika naweza kuchonga mwingine, au kumpelekea anayejua. Mashine ambayo naruhusiwa kuitumia lakini siruhusiwi kuiponya, hata kama karatasi zinasema ni mali ya halmashauri, ipo kwangu kama mgeni wa yule wa Nairobi. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni wetu jembe hawezi kulishika mpaka tajiri wake aidhinishe.

Wapo waliojaribu njia nyingine: tusimiliki kabisa, tukodi, na anayekodisha abebe mzigo wa matengenezo. Kimantiki inavutia. Kenya ilifanya hivyo Februari 2015, ikasaini mikataba ya miaka saba na kampuni kadhaa, thamani yake shilingi za Kenya bilioni 38, vifaa vipelekwe kaunti zote 47. Kaunti zikaanza kukatwa shilingi milioni 95 kila mwaka, baadaye milioni 200, na baadhi ya magavana wakilalamika kwamba hawakushirikishwa vya kutosha. Kamati ya Seneti iliyochunguza ilitoa ripoti kali mwaka 2020. Pamoja na maswali ya fedha, palikuwa na jambo la kawaida kabisa: kuna mahali vifaa vilifika na kukaa bila kutumika, kwa sababu umeme, maji au wataalamu wa kuviendesha havikuwepo. Mkataba ulikuwa na kipengele cha matengenezo. Haukuwa na kipengele cha maji bombani. Unaweza kumlipa mtu akutunzie mashine, lakini huwezi kumlipa awe hospitali kwa niaba yako.

Mpaka sasa nimezungumza kana kwamba mashine ina hali mbili, nzima na mbovu. Ipo ya tatu, na ndiyo inayoninyima raha: mashine inayosema uongo. Mashine iliyokufa ina heshima fulani, inakwambia wazi kwamba haiwezi. Kipimo cha presha kilichopoteza usahihi hakisemi. Kinakupa namba, muuguzi anaiandika, daktari anaisoma, mzee anaanzishiwa dawa za maisha au anarudishwa nyumbani na kiharusi kinamsubiri njiani. Hapa Kibaha, Misugusugu, Wakala wa Vipimo wana kituo cha kuhakiki matangi ya magari ya mafuta, ili lita ya petroli iwe lita kweli. Stika ya uhakiki utaiona kwenye pampu za mafuta na kwenye mizani ya sokoni. Taifa limekubali kwamba kumpunja mtu nusu lita ni dhuluma inayostahili ofisi, magari na faini. Mimi nimepimwa presha mara nyingi, na sikumbuki hata siku moja kumuuliza muuguzi kipimo hiki kilihakikiwa lini. Kwa muuza nyama ninachungulia mizani kila mara.

Wakati mwingine uongo umo tangu kiwandani. Desemba 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya watafiti wa Marekani kuhusu kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni. Kati ya vipimo ambavyo kifaa kilionyesha asilimia 92 hadi 96, damu yenyewe ilipochunguzwa ilionyesha upungufu uliofichika katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na asilimia 3.6 tu vya wagonjwa weupe. Mwanga wa kifaa hupita kwenye ngozi, na rangi ya ngozi hubadilisha kinachosomeka. Ni kifaa kile kile tunachokitumia wodini kuamua mtoto gani apewe mpira wa oksijeni. Kwa hiyo kutunza kifaa ni pamoja na kukitilia shaka, kuwa na mtu mwenye elimu na mamlaka ya kusema namba hii siiamini, hebu tumtazame mtoto mwenyewe.

Turudi kwenye barua iliyo mezani, maana nimeahidi kujibu.

Hoja ya kupokea ni nzito kuliko wasomi wa maendeleo wanavyopenda kukiri. Mashine ikifanya kazi miezi minane kabla ya kuzima, ndani ya miezi hiyo kuna mifupa iliyovunjika na ikaonekana, kifua kikuu kilichogunduliwa mapema. Watu hao wana majina. Anayekataa kwa ajili ya "uendelevu" anawakataa watu hao, na mara nyingi yeye mwenyewe ana bima na gari. Mtu mwenye kiu haambiwi kwamba kisima hakina mpango mkakati.

Lakini zawadi ile si bure, hata siku ya kwanza. Fedha ya kuitoa bandarini, ya lori, ya kujenga chumba chenye kuta za kuzuia mionzi, inatoka kwenye mfuko ule ule ambao ungenunua stebilaiza, vipuri na nauli ya fundi. Rahisi huvunja upishi. Na kuna utafiti mwingine, wa mwaka 2010, ambao Malkin na mwenzake Keane waliufanya kwa maombi ya matengenezo kutoka hospitali 60 katika nchi 11. Kati ya vifaa 2,529 vilivyokuwa vimekufa, 1,821 vilirudishwa kazini bila kuagiza kipuri chochote kutoka nje. Hiyo ni asilimia 72. Ile stoo niliyoonyeshwa, yenye mafaili kwenye kisanduku cha watoto njiti, huenda ilikuwa na hospitali nzima ndani yake ikisubiri mtu mwenye bisibisi, muda na ruhusa. Tunapopanga foleni bandarini kupokea cha mbali, tunakipa kisogo tulichonacho, na walionacho haja ni wagonjwa wale wale wenye majina.

Tena zawadi ile ya mwaka 1963 haikuja kama kontena. Ilikuja na watu wa kuiendesha, ikafundisha, ikakaa miaka, ikakabidhiwa. Unaweza kuikosoa kwa mengi, na wapo walioikosoa kwamba ilikuwa ghali mno kuigwa kwingine. Ghali hiyo ndiyo ilikuwa bei halisi ya zawadi. Barua ya eksirei inatuonyesha mashine na kutuficha bei.

Kwa hiyo, kama ningekuwa mjumbe, ningepiga kura ya kukataa barua kama ilivyo, na ningeomba tuwajibu marafiki zetu kwa heshima: tunashukuru, leteni mwongozo wa matengenezo na maneno ya siri, tuambieni vipuri vinauzwa wapi na vitauzwa hadi mwaka gani, tugawane mshahara wa fundi kwa miaka mitatu. Wengine watakubali. Wengine watanyamaza, na mashine itapelekwa kata nyingine ambako hawakuuliza.

Na hapo kura yangu inakuwa na deni. Mtu wa kwanza atakayefika kituoni amevunjika mkono, akakosa picha ambayo angeipata, amenyimwa na mimi kwa jina, hata kama nimemnyima kwa sababu nzuri. Ningetaka muhtasari wa kikao uandike hivyo. Uandike pia kwamba kamati iliyokataa mashine ndiyo itakayohakikisha gari la wagonjwa lina mafuta ya kumfikisha Tumbi na kumrudisha, kwa fedha ile ile ambayo ingelipia bandari, na kwamba kikao kijacho, ajenda ya kwanza kabla ya kuthibitisha muhtasari, mganga mfawidhi atasoma orodha ya vifaa tulivyonavyo, kipi kinafanya kazi, kipi hakifanyi, na nani ameosha chujio.